Umesoma Kifaransa, Kichina au Kijerumani chuoni: hivi ndo unavyoitafutia kazi lugha yako

Wiki yangu ya kwanza kazini, ofisi ya wakala wa forodha Dar, simu ikaingia kutoka Lubumbashi. Mama mmoja mfanyabiashara anauliza kontena lake limefikia wapi, ananitajia namba ya BL, yaani hati ya mzigo wa meli. Mimi hapo nina digrii, miaka mitatu ya Kifaransa, insha za fasihi nimeandika mpaka basi. Mama akasema "nonante-cinq" nikakwama. Chuoni tulifundishwa Kifaransa cha Paris, 95 ni quatre-vingt-quinze, hakuna aliyetuambia kwamba Congo, Rwanda na Burundi wanahesabu kama Wabelgiji, 70 ni septante na 90 ni nonante. Nikamwomba arudie, akarudia, bado sikuelewa, ikabidi amwambie kijana wake anitumie namba kwa meseji. Alikuwa mpole sana, aliendelea kuniita "papa" kwa heshima zote, lakini nilikata simu nikijua nilichokosa pale siyo sarufi. Nilikuwa siwajui watu wanaoongea hiyo lugha huku kwetu, na sikuijua kazi yenyewe waliyokuwa wanaiongelea.

Naandika hii kwa wadogo zangu mnaosoma lugha za kigeni, iwe Dar, Dodoma, Zanzibar, Nairobi au Eldoret, ambao kila likizo nyumbani mnaulizwa ukimaliza utakuwa nani na mnajibu "mwalimu" ili maswali yaishe tu. Ualimu ni kazi nzuri na nitaufikia. Ila jambo ninalotaka mlishike toka mwanzo ni kwamba lugha uliyosoma ni nusu ya kazi, nusu nyingine ni kile kitu ambacho watu wanakifanya kwa hiyo lugha: mizigo, wagonjwa, watalii, kesi, mitambo. Ukiwa na nusu moja utasugua benchi, ukiwa nazo mbili watakutafuta.

Hatua ya 1: Pata cheti kinachoeleweka nje ya chuo

Transkripti yako ikionyesha A ya "Isimu ya Kifaransa 2", mwajiri haelewi kama unaweza kupokea simu. Anachoelewa ni kiwango, na kwa lugha za Ulaya kinapanda A1, A2, B1, B2, C1 mpaka C2. Kifaransa ni DELF mpaka B2 halafu DALF C1 na C2, mitihani unaifanyia Alliance Française, Dar wapo, Arusha wapo, Nairobi wapo. Kijerumani ni Goethe, A1 mpaka C2. Kichina ni HSK, na vituo vya Confucius viko Chuo Kikuu cha Dar (UDSM) na cha Dodoma (UDOM), Chuo Kikuu cha Nairobi wao wana chao tangu 2005. Kijapani ni JLPT, inaanzia N5 inapanda kwenda N1.

Lenga B2 au HSK 4 kabla hujamaliza mwaka wa tatu, chini ya hapo ni ngumu kumshawishi mtu akupe kazi ya lugha. Najua hela ya mtihani ni shida, bumu (ile hela ya mkopo ya kujikimu) lenyewe halitoshi chakula. Mimi nilianza kuweka pembeni kidogokidogo toka mwaka wa pili muhula wa kwanza, na nakushauri ufanye hivyohivyo, maana ukishamaliza chuo huna bumu na huna mazoezi ya kila siku, lugha inashuka haraka kuliko unavyodhani. Usifanye mtihani wa juu kwa kubahatisha. Vituo vingi wana mitihani ya zamani ya kufanyia mazoezi, ombeni mkae watatu wanne mfanye kwa kutega saa.

Hatua ya 2: Chagua nusu ya pili, na uichague kwa kuangalia nani anaongea hiyo lugha hapa kwetu

Hapa ndo pa kukaa, maana wengi wanachagua kwa ndoto tu, wanasema nataka UN, nataka ubalozi. Angalia kwanza lugha yako inaingia nchini kupitia mlango gani.

Kifaransa mlango wake mkubwa ni Congo na Burundi. Bandari ya Dar inapitisha mizigo ya Lubumbashi, Kolwezi, Bukavu, Bujumbura, na wenye mizigo wanaandika barua kwa Kifaransa. Kama unasoma Kifaransa na uko Dar, jifunze forodha. Connaissement ndo BL yenyewe, liste de colisage ni orodha ya vilivyofungwa kwenye mzigo, dédouanement ni kutoa mzigo forodhani, hayo maneno hutayakuta kwenye riwaya za mwaka wa pili, utayakuta kwenye karatasi halisi. Kuna kozi fupi za uwakala wa forodha, Chuo cha Kodi wanatoa kozi za mambo hayo, ukiwa na cheti hicho na DELF B2 wewe siyo tena mtu wa lugha anayeomba kazi, wewe ni mtu wa forodha anayeongea na wateja wa Congo bila mkalimani, na hao ni wachache kweli. Kariakoo pia usiidharau, kuna wafanyabiashara kutoka Congo, Burundi na Comoro wanakuja kununua, na maduka ya jumla yanayouza nje yanahitaji mtu wa kuongea nao na kuwaandikia invoisi.

Kichina mlango wake ni ujenzi, viwanda na biashara ya Guangzhou na Yiwu, miji ya kule China wanakonunulia bidhaa. SGR, reli ya kisasa, ya Mombasa hadi Nairobi iliyofunguliwa 2017 ilijengwa na kampuni ya Kichina, kwetu kipande cha Mwanza hadi Isaka nacho walipewa Wachina. Site inahitaji mtu anayeweza kusimama kati ya injinia na mafundi na kusema neno la nondo, zege, usalama, mshahara wa wiki. Ukisoma Kichina pamoja na masuala ya ajira, au usalama kazini, au hata uhasibu wa kawaida, uko vizuri. Na kaa ukijua kipande cha Dar hadi Morogoro walijenga Waturuki, bwawa la Mwalimu Nyerere kule Rufiji walijenga Wamisri. Kwa hiyo waliokuwa wanajua Kituruki au Kiarabu nao walikuwa na mlango, ingawa watu wakisikia neno mradi akili inaenda kwa Wachina peke yao.

Kiarabu ni Ghuba, na kwa sisi wa pwani Oman ni ndugu kabisa, Muscat ukikaa kidogo tu unakutana na wazee wanaoongea Kiswahili cha Unguja. Hapo utamaduni ni nusu ya kazi kweli, salamu ni ndefu, kahawa inakuja kwanza, biashara inakuja baadae, na ukikimbilia bei unaonekana huna adabu.

Kitaliano, Kijerumani, Kifaransa, Kihispania ni utalii. Kaskazini kule Arusha na Moshi mtembeza watalii anayeongea Kijerumani au Kihispania anapewa wageni ambao mwenye Kiingereza peke yake hapewi. Watamu na Malindi ni Kitaliano, hata watoto wa ufukweni wanakiongea, Diani Wajerumani wapo miaka mingi. Zanzibar Waitaliano, Wafaransa, na sasa Wapolandi na Warusi wengi. Ila lugha tupu haikupandishi kwenye Land Cruiser mdogo wangu, unatakiwa uwajue ndege, miti, historia, na uwe na leseni ya kuongoza watalii. Chuo cha Taifa cha Utalii kipo, Mweka wapo pale Moshi tangu 1963 wanafundisha wanyamapori. Nina rafiki aliyemaliza Kijerumani akaenda kusomea uongozaji watalii mwaka mmoja, wenzake wakamwona anarudi nyuma, leo ndo anakubaliana na kampuni kazi ya msimu mzima mapema, kabla haujaanza.

Mlango mwingine ni wakimbizi na misaada. Nyarugusu kule Kigoma kuna Warundi na Wacongo, Kakuma Kenya kuna watu wa mataifa mengi sana, na mashirika yanahitaji mtu wa kukaa kwenye usaili wa mkimbizi au chumba cha daktari. Kazi hii inaumiza roho, utasikia vitu vizito na hutakiwi kupunguza wala kuongeza. Ukiichagua, soma kidogo ustawi wa jamii au afya ya jamii, na jifunze Kirundi kama unaweza.

Halafu kuna mpira. Vilabu vyetu vina wachezaji kutoka Ivory Coast, Burkina Faso, Congo, kocha kama Nabi aliyekuwa Yanga 2021 mpaka 2023 ni Mtunisia, na CAF, shirikisho la mpira Afrika, walizipa Kenya, Tanzania na Uganda uenyeji wa AFCON 2027. Timu za Kifaransa na Kiarabu zikija zinahitaji watu wa kuzipokea, hoteli, usafiri, mikutano na waandishi. Ni kazi za muda mfupi lakini zinakupa majina ya watu.

Hatua ya 3: Kiswahili chako nacho kinauzika, kinoe

Hili linaniuma kwa sababu mimi mwenyewe nilichelewa kuliona. Miaka yote tulikuwa tunafasiri Kifaransa kwenda Kiingereza na Kiingereza kwenda Kifaransa, Kiswahili hakigusiki. Sasa fikiria, Kifaransa na Kiingereza kuna watu wa Cameroon, Canada, Ufaransa wenyewe, unashindana nao wote. Kifaransa na Kiswahili je? Mashariki ya Congo yote, Goma, Bukavu, Lubumbashi, serikali inaandika Kifaransa na watu wanaongea Kiswahili. SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, waliongeza Kiswahili kuwa lugha yao rasmi ya nne mwaka 2019, Umoja wa Afrika wakakikubali kuwa lugha ya kazi 2022. Kireno na Kiswahili, Kichina na Kiswahili, Kiarabu na Kiswahili, hizo jozi wenye nazo ni wa kuhesabu.

Tatizo ni kwamba wengi wetu tunajua Kiswahili cha kuongea, siyo cha kuandikia mkataba. Nimeshapokea tafsiri ya mwanachuo, Kifaransa amekielewa vizuri kabisa lakini Kiswahili chake hakisomeki, "kwa mujibu wa" inarudi mara kumi kwenye ukurasa mmoja. Soma Kiswahili kizuri kila siku, soma sheria zilizoandikwa kwa Kiswahili, soma magazeti kwa jicho la mhariri, na BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, wana kazi za tafsiri na ukalimani pamoja na orodha ya wataalamu wa Kiswahili, ulizia jinsi ya kuingia.

Hatua ya 4: Fildi usiende kupiga kopi

Fildi, yale mafunzo ya vitendo ya mwaka wa pili, wengi wanaenda ofisi yoyote iliyo karibu na nyumbani, wanapigishwa kopi wiki nane wanasainiwa fomu. Andika barua miezi mitatu kabla, upeleke mwenyewe kwa mkono, iandikwe kwa lugha mbili, ile ya kigeni na Kiswahili, ukurasa mmoja, ueleze unaweza kuwasaidia nini. Usiseme "natafuta uzoefu". Sema "naweza kujibu barua pepe za wateja wenu wa Bujumbura kwa Kifaransa". Mimi barua nilizopeleka zilikuwa kumi na moja, walijibu wawili, mmoja ndo akaja kuniajiri.

Ukiwa fildi kaa na daftari. Kila neno la kazi usilolijua liandike kwa lugha zote mbili, na sentensi lilimotokea, na tarehe. Daftari langu la kwanza lilikuwa na maneno kama mia sita na bado nalitumia.

Hatua ya 5: Kama moyo wako uko kwenye ufasiri au ukalimani hasa

Kwanza tofauti, mfasiri anaandika, mkalimani anaongea. Ni kazi mbili na mara nyingi ni watu wawili wa tabia tofauti. Mfasiri anakaa peke yake na sentensi moja dakika ishirini. Mkalimani hana hizo dakika.

Kwa mfasiri: mzoefu anatoa kama maneno 2000 hadi 2500 kwa siku, ukiahidi 6000 utaharibu. Jifunze programu za kusaidia kufasiri, OmegaT ni ya bure anza nayo, Trados na memoQ utazikuta kwa mashirika makubwa. Kuhusu mashine zinazofasiri zenyewe, nawaambia ukweli, kazi nyepesi zimepungua, tangazo la hoteli au barua pepe ya kawaida mtu anabonyeza mwenyewe. Kilichobaki ni kazi ambayo kosa lina gharama: mkataba, hukumu, maelezo ya dawa, nyaraka za forodha. Na kuna kazi mpya ya kusahihisha kilichotoka kwenye mashine, inalipa kidogo kwa neno lakini ipo, tena Kiswahili cha mashine kinahitaji kusahihishwa sana kwenye ngeli. Hii ni sababu nyingine ya kuwa na ile nusu ya pili, mashine haijui kwamba hapo mteja amekosea namba ya kontena, wewe unajua.

Kwa mkalimani: zipo aina mbili kubwa, ile ya kusubiri mtu amalize kuongea ukiwa na kijitabu halafu unarudisha yote, na ile ya kibandani unavaa hedifoni unaongea huku bado unasikiliza. Kibandani mnakuwa wawili mnapokezana kila nusu saa hivi kwa sababu ubongo unachoka, mtu akikuita kukalimani peke yako siku nzima kataa au mweleze. Zoezi la nyumbani ni hili. Chukua taarifa ya habari ya redio ya RFI ya Kifaransa au ya Deutsche Welle, sikiliza dakika mbili, zima, eleza kwa Kiswahili huku simu inarekodi, halafu jisikilize. Mwezi wa kwanza utachukia sauti yako, endelea. Usiandike maneno kwenye kijitabu, andika mawazo kwa alama zako, mshale wa kupanda, mshale wa kushuka, jina, namba. Namba andika zote! Namba ndo zinaponyoka wa kwanza.

Shule ipo karibu, Chuo Kikuu cha Nairobi wana shahada ya uzamili ya ukalimani na ufasiri, wako kwenye mtandao wa vyuo vya Afrika ulioanzishwa kwa ajili hiyo. Na soko lipo karibu pia. Arusha kuna makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo sasa ina Congo ndani toka 2022, kuna Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu inayofanya kazi kwa Kiingereza, Kifaransa, Kiarabu na Kireno, kuna AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa. Kesi za mauaji ya kimbari ya Rwanda zilivyokuwa Arusha kuanzia miaka ya tisini mpaka 2015, wakalimani wa Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza walikaa vibandani miaka mingi na wengine ndo walimu wa fani hii leo. Gigiri Nairobi ni makao ya UN, ila lugha zao rasmi ni sita, Kiingereza, Kifaransa, Kiarabu, Kichina, Kirusi na Kihispania, Kiswahili hakimo, kwa hiyo huko kizingiti kiko juu sana na utahitaji miaka ya uzoefu kwanza. Sisemi usiende, nasema panga miaka saba, usipange miezi saba.

Hatua ya 6: Kufundisha, kwa njia zaidi ya moja

Shule za serikali nafasi za Kifaransa na Kichina zinatangazwa chache, angalia Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali, lakini usikae unaisubiri. Shule binafsi na zile za kimataifa zinachukua. Njia ambayo wengi hawaijui ni kufundisha Kiswahili kwa wageni, na aliyesoma lugha ya kigeni ana faida kubwa, yeye anajua maumivu ya kujifunza lugha ukiwa mtu mzima. TAKILUKI, taasisi ya Kiswahili na lugha za kigeni Zanzibar, wamekuwa wakifundisha wageni toka 1979, sasa wako chini ya SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, na kituo cha mafunzo cha MS-TCDC pale Usa River, Arusha, nao wanapokea wageni. Onlaini pia unaweza kupata wanafunzi wa Ujerumani au Marekani, saa moja moja. Halafu kuna Fulbright FLTA, mpango wa serikali ya Marekani, unaenda chuo cha Marekani mwaka mmoja wa masomo kufundisha Kiswahili huku unasoma, wanachukua vijana wenye digrii wa umri wa 21 mpaka 29, maombi unapitia ubalozi na ni bure kabisa. Mtu akikudai hela ya fomu ya Fulbright ni tapeli.

Hatua ya 7: Kijerumani na kuondoka

Hii nitaisema haraka lakini isome mara mbili. Ujerumani kuna Ausbildung, mafunzo ya kazi huku unalipwa posho, wengi wanaenda kwenye uuguzi, hoteli na ufundi. Kawaida unahitaji angalau B1, na uuguzi mara nyingi B2. Au pair ni A1 na uwe hujafika miaka 27. Kenya walisaini makubaliano na Ujerumani Septemba 2024 kuhusu wafanyakazi, kwa hiyo mawakala wamejaa kila kona, wengine wa kweli, wengine wanachukua milioni na kupotea. Omba mkataba wa mwajiri wa Ujerumani kwanza, usome wewe mwenyewe kwa Kijerumani chako, piga simu kwa huyo mwajiri ujitambulishe. Hapo kusoma lugha kunakulinda wewe kabla ya mtu mwingine yeyote.

Hatua ya 8: Bei na malipo

Kazi yangu ya kwanza ya kujitegemea nilifasiri kurasa 40 kwa ahadi ya mdomo, na mwenye kazi hakunilipa mpaka leo. Kwa hiyo kabla hujaanza andikeni, hata kama ni kwenye WhatsApp: idadi ya maneno, bei kwa neno, siku ya kukabidhi, siku ya kulipwa, na marekebisho mara ngapi. Hesabu kwa neno la andiko la asili, lile unalolifasiri, siyo kwa ukurasa, kurasa zinadanganya. Mteja mpya alipe nusu kabla. Ukalimani ni kwa siku au nusu siku, hata mkutano ukiisha mapema, na nauli na kulala siyo sehemu ya malipo yako, vinahesabiwa pembeni. Omba hotuba na majina ya washiriki siku mbili kabla, wasipokupa waandikie tena, na wakiuliza kwa nini unasumbua, waambie unataka kutamka jina la mgeni wao sawasawa.